Feno kila usiku: mwongozo kwa anayeanza dawa ya kifafa na kwa anayemtunza

Kliniki yetu ya kifafa hapa Busia, upande wa Uganda, ni siku moja kwa wiki, na nikifika asubuhi nakuta benchi limeshajaa. Kila mtu ana daftari lake la shule, lile la kurasa 48, limefungwa kwenye karatasi ya nailoni lisilowe na mvua. Kabla sijaketi maswali yameanza. "Musawo, huyu analala mno, nimpunguzie?" "Sista, ana miezi miwili hajaanguka, si amepona?" "Mjomba wake anasema hivi vidonge vinaua akili, ni kweli?" Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, leo nayaandika ili aliyekaa mwisho wa benchi naye apate jibu lote.

Ninayoizungumzia ni fenobabitoni, ambayo wengi huiita feno. Kuna jambo moja nitalirudia mpaka unichoke: dawa hii ni ya polepole. Huingia mwilini polepole na hutoka polepole, na anayeitaka iende mbio ndiye anayeumia. Kiasi cha dawa cha mgonjwa wako kitawekwa na mhudumu aliyempima. Mimi nakuonyesha jinsi ya kuishi na dawa hiyo nyumbani.

Dawa yenyewe, kwa ufupi

Feno ni ya jamii ya babitureti, dawa zinazotuliza ubongo. Mwenye kifafa, chembe za ubongo wake hulipuka kwa pamoja bila mpangilio, na mwili ukajibu kwa kuanguka, kukakamaa na kutukutika. Feno huipa nguvu kemikali ya mwili iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kuzituliza chembe hizo. Daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, ndiye aliyegundua mwaka 1912 kwamba inazuia kuanguka. Ilikuwa inatumika nusu karne kabla bendera yetu haijapandishwa 1962, na bado imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni ya bei nafuu, na wengi humeza mara moja tu kwa siku. Ndiyo maana unaikuta kwenye vituo vya serikali.

Haiponyi chanzo cha kifafa. Kama ubongo wa mtoto uliumizwa na malaria kali, au na mayai ya tegu wa nguruwe, kovu lipo pale pale. Feno huzuia tu lile kovu lisiwashe moto.

Uwe na nini kabla ya kidonge cha kwanza

Daftari, na liwe la kifafa peke yake. Uzito wa mgonjwa uliopimwa kwenye mizani, kwa sababu dawa ya mtoto hupigiwa hesabu kwa kilo, na mtoto aliyeongezeka kilo nne tangu mwaka jana si yule wa mwaka jana. Majina ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Usituone haya, tunajua zinatumika. Kopo lenye kifuniko kigumu na mahali pa juu pa kuliweka. Simu ya kukuamshia kengele. Na mtu mmoja wa nyumbani atakayesimamia dawa. Nasema mmoja kwa makusudi: wakisimamia watatu, kila mmoja hudhani mwenzake ameshatoa, au wote watatu hutoa.

Haya nayo umwambie mhudumu kabla hajaandika dawa, hata asipouliza:

- Ana mimba, ananyonyesha, au anatumia uzazi wa mpango.
- Anatumia dawa za VVU au za kifua kikuu.
- Ana ugonjwa wa ini, wa figo, au wa kupumua kwa shida.
- Yeye au ndugu yake wa damu ana ugonjwa uitwao pofiria. Ni wa nadra, lakini mwenye nao hapewi feno kabisa.
- Aliwahi kutoka vipele kwa kutumia karbamazepini au fenitoini, dawa nyingine za kifafa.
- Anakunywa pombe, na kiasi gani hasa.
- Aliwahi kuwa na huzuni nzito au kutaka kujidhuru.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kifafa, na ujue ni cha namna gani

Kuanguka si kifafa siku zote. Mtoto wa miaka miwili aliyetukutika akiwa na homa kali huenda ni degedege la malaria, naye anahitaji kupimwa damu leo hii, siyo kuanzishiwa feno. Mlevi aliyeacha waragi ghafla anaweza kutukutika. Mwenye kisukari aliyeshinda njaa vile vile.

Kitu kinachotusaidia kuliko maelezo ya nusu saa ni video ya simu. Akianguka, mmoja amlinde na mwingine arekodi. Tunataka kuona ilianzia wapi: mkono mmoja au mwili mzima? Macho yaligeukia upande gani? Hii ina maana kwenye dawa. Feno husaidia wale wanaokakamaa na kutukutika, lakini haimfai mtoto ambaye hukatika tu, akatazama ukutani sekunde chache kisha akaendelea na kazi yake. Huyo anahitaji dawa nyingine. Wale watoto wa Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa nao wengi hutibiwa kwa valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Basi usichukue dawa ya mtoto wa jirani kwa sababu "naye huanguka".

Hatua ya 2: Jua dozi kwa miligramu, usiijue kwa vidonge

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote linapotokea, nitakaa kidogo.

Vidonge vya feno vina ukubwa tofauti. Kuna vya miligramu 30, kuna vya 60, kuna vya 100. Vyote ni vidogo, vyote vyeupe. Mama mmoja alikuwa akimpa kijana wake vidonge viwili vya 30 kila usiku, jumla 60. Mwezi ule dawa ilikuwa imeisha kituoni, akanunua duka moja la dawa mjini, akafungiwa kwenye kijibahasha cha karatasi kilichoandikwa "2 usiku". Akaendelea na viwili vyake. Siku ya nne kijana aliletwa amebebwa na boda, katikati ya dereva na shangazi yake, kichwa kimelala begani, anaongea kama aliyelewa. Tulipoomba kuona kopo la dukani tukakuta ni vya 100. Alikuwa akimeza 200 badala ya 60.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika hivi: "Feno, miligramu 60 usiku", yaani namba aliyoiandika mhudumu wako. Kila unapopokea dawa, popote pale, uliza: "Hiki kimoja ni miligramu ngapi?" Asiyeweza kukujibu, usinunue kwake.

Ili ujue ukubwa wa mambo, mtu mzima mara nyingi huanzia miligramu 60 kwa siku, na wengi hutulia mahali fulani kati ya 60 na 180. Watoto huanzia miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito. Nimekupa namba hizi ushtuke ukiona dozi iliyo mbali nazo, uulize. Sijakupa ujipimie.

Hatua ya 3: Chagua saa ya usiku na uishikilie

Feno huleta usingizi, basi uache usingizi huo uje wakati wa kulala. Chagua tukio ambalo halikosekani nyumbani kwenu: baada ya posho (ugali) ya jioni, au taarifa ya habari ya saa mbili. Tukio halisahauliki kama saa inavyosahaulika. Waislamu huniuliza kuhusu Ramadhani: kwa anayemeza mara moja usiku hakuna tabu, ameze baada ya futari na aendelee kufunga ikiwa mhudumu wake amemruhusu. Lakini kukesha usiku kucha huangusha watu hata wenye dawa, kwa hiyo lala kabla ya daku.

Mtoto asiyeweza kumeza, saga kidonge kati ya vijiko viwili, changanya na uji kidogo sana, kijiko kimoja tu. Ukimwaga kwenye bakuli zima na akaacha nusu, ameacha nusu ya dawa.

Hatua ya 4: Wiki tatu za kwanza, subiri

Dawa nyingi ukimeza leo, kesho zimeshatoka. Feno hukaa. Kwa mtu mzima, nusu ya kilichomezwa leo huwa bado imo mwilini baada ya siku tatu au nne hivi. Kila usiku unaongeza juu ya kilichobaki, mpaka kinachoingia na kinachotoka vilingane, na hapo huchukua kama wiki mbili hadi tatu. Ni kama mtungi unaojazwa kwa kikombe huku unavuja kidogo chini.

Hii ina maana mbili. Kwanza, akianguka siku ya tano, dawa haijashindwa, mtungi haujajaa. Usiongeze kidonge. Pili, usingizi wa siku za mwanzo, ule wa kusinzia kwenye sahani, kwa wengi hupungua baada ya wiki kadhaa mwili unapozoea. Nimeona watu wengi sana walioitupa feno wiki ya pili kwa sababu ya usingizi, na wiki ya nne ungekuwa umeshaondoka.

Wakati huo wa kusubiri, na hata baadaye mpaka mhudumu aseme, mgonjwa asiendeshe boda, asipande mwembe, asivue samaki ziwani peke yake, wala asioge mtoni bila mtu. Jikoni, sigiri iinuliwe kutoka sakafuni na sufuria ya maji ya moto ageuze mtu mwingine. Majeraha mabaya zaidi niliyoyafunga bandeji kwenye kliniki hii hayakuletwa na kifafa chenyewe, yaliletwa na moto.

Hatua ya 5: Andika

Kila alipoanguka: tarehe, saa, dakika ngapi, na je, jana yake alimeza? Mstari mmoja tu. Mwenye daftari la namna hii humaliza nami dakika kumi na anaondoka na uamuzi. Anayeniambia "huanguka-anguka tu" tunabaki kukisia wote wawili.

Hatua ya 6: Yajue madhara, na ujue lipi la kungoja na lipi la kukimbia

Nayagawa mafungu matatu, kwa sababu nikiyataja yote kwa pamoja watu huogopa yasiyostahili na kupuuza yanayoua.

Ya kungoja huku ukiangalia: usingizi, kizunguzungu, kichwa kuuma kidogo, uzito wa mawazo asubuhi. Ukipita mwezi bado anasinzia mchana kutwa, mlete. Dozi huenda ni kubwa kwake.

Ya kuja kliniki bila kungoja tarehe: kuyumba anapotembea, macho kuchezacheza, kuongea kwa ulimi mzito. Hizo ni dalili kwamba dawa imezidi mwilini. Mzee kuchanganyikiwa, kusahau nyumba yake. Huzuni, kujitenga, maneno ya kutaka kufa. Haya yachukulie kwa uzito hata akiyasema kwa utani. Na kwa watoto, jambo linalowashangaza wazazi wengi: badala ya kulala, mtoto anakuwa moto wa kuotea mbali. Hatulii, anagombana, anapiga wenzake, mwalimu anaita. Baba mmoja alimchapa mwanawe mwezi mzima akidhani ni utundu. Ilikuwa dawa. Feno hufanya hivyo kwa baadhi ya watoto, na huweza pia kumpunguzia umakini darasani; kukiwa hivyo tunabadilisha, hatuchapi.

Ya kukimbia hospitali sasa hivi: vipele vyenye homa, ngozi inayotoka malengelenge, vidonda mdomoni au machoni. Hatari yake ni kubwa zaidi miezi ya mwanzo. Macho kuwa ya njano. Usingizi ambao haamki ukimtikisa. Kupumua polepole au kwa kukatika. Kwa vipele vya namna hii usimpe kidonge kingine, lakini pia usibaki nyumbani: kuacha ghafla kunaweza kuleta kuanguka mfululizo, kwa hiyo lazima mwenye utaalamu ampe dawa nyingine mahali pake.

Kwa anayetumia miaka mingi kuna yanayokuja kimyakimya. Mifupa hudhoofika kwa kukosa vitamini D, damu hupungua kwa kukosa foleti, na baadhi hukakamaa mabega au vidole. Mara moja moja omba upimwe damu. Mboga za majani, maharagwe na jua la asubuhi vinasaidia, na bahati nzuri vyote tunavyo.

Na lile la mjomba, kwamba vinaua akili? Dozi iliyozidi humfanya mtu awe mzito, hilo ni kweli. Lakini kuanguka mara kwa mara, kugonga kichwa na kukosa hewa kunaharibu ubongo kuliko hivyo vidonge. Mjomba aliona jambo la kweli, ila alilihukumu vibaya.

Hatua ya 7: Angalia vinavyogombana na feno

Pombe iwe ya kwanza. Waragi, malwa, bia, zote. Feno na pombe hulaza ubongo kwa njia inayofanana, na vikikutana huweza kulaza hata pumzi. Zaidi ya hayo mlevi husahau kidonge. Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi ni hivyo hivyo. Dawa za mafua za aina ya Piriton humwongezea usingizi. Tramado, dawa ya maumivu ambayo vijana wanaimeza kama peremende siku hizi, yenyewe huchochea kuanguka.

Kisha kuna ugomvi usioonekana. Feno huliamsha ini lifanye kazi kupita kawaida, nalo likazivunja dawa nyingine kabla hazijafanya kazi yake. Anayetumia TLD ya VVU asikilize hapa: ndani yake mna dolutegraviri, na feno huishusha nguvu. Kliniki ya VVU na ya kifafa mara nyingi ni milango miwili tofauti na daftari mbili tofauti. Beba zote mbili kila unapokwenda. Mara nyingi wahudumu huona ni afadhali kubadilisha dawa ya kifafa. Sisi tunaoishi karibu na ziwa, feno hushusha pia nguvu ya prazikwanteli ya kichocho, na huweza kuingiliana na baadhi ya dawa za malaria na za kifua kikuu. Haimaanishi usitibiwe malaria! Tibiwa, ila sema "natumia feno" kabla hujapewa, na ukiona homa haishuki rudi haraka.

Hatua ya 8: Kwa mama na binti

Vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi havitegemeki kwa anayetumia feno. Ini lile lile lililochangamka huvunja homoni zake. Nimepokea akina mama waliokuwa na kijiti mkononi na mimba tumboni, na mume anauliza maswali ya kumvunjia heshima. Kitanzi cha shaba hakiguswi na feno, na sindano ya miezi mitatu kwa kawaida hubaki na nguvu. Zungumza na mkunga, na mtaje dawa yako kwa jina.

Ukishika mimba usiache dawa. Narudia, usiache. Feno huongeza kiasi uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro, kama mdomo wazi au tatizo la moyo, lakini mama anayeanguka mfululizo anaweza kumpoteza mtoto na yeye mwenyewe. Unachofanya ni kwenda mapema, ikiwezekana kabla hujashika mimba, uanzishiwe foliki asidi na dozi iangaliwe. Ujifungulie kituoni, umwambie mkunga, ili mtoto achomwe vitamini K akizaliwa, kwa sababu feno humfanya awe mwepesi kuvuja damu. Kunyonyesha kwa kawaida kunaendelea. Mwangalie mtoto kama analala kupita kiasi, ananyonya kwa uvivu au haongezeki uzito.

Hatua ya 9: Rudi kabla kopo halijalia

Vikibaki vya siku saba, nenda. Usingoje kimoja. Dawa za serikali huisha, tusidanganyane, na siku saba zinakupa muda wa kutafuta kituo kingine. Ukinunua, nunua famasi yenye leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, ukiwa na karatasi ya daktari, maana hii ni dawa inayodhibitiwa kisheria. Kwa sababu hiyo hiyo, anayevuka mpaka kwenda Kenya kwa siku nyingi abebe daftari na vidonge kwenye kopo lenye jina lake, asivifunge kwenye kitambaa.

Hatua ya 10: Kuacha, kama siku hiyo itafika

Miezi miwili bila kuanguka siyo kupona. Hiyo ni dawa inafanya kazi. Huwa tunaanza kufikiria kupunguza akifikisha angalau miaka miwili bila kuanguka hata mara moja, na hata hapo tunapunguza kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, si kwa wiki. Mwili uliozoea feno ukinyimwa ghafla hutetemeka, hukosa usingizi, na huweza kuingia kwenye kifafa kisichokatika, kile kinachoua. Hata mtu aliyekwenda kwa mganga au kwenye maombi na kuambiwa ameshapona, namwambia: endelea na maombi, na kidonge umeze.

Akianguka akiwa kwenye dawa

Tazama saa. Sogeza mawe na sigiri. Weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kola, na mtukutiko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Usitie kijiko mdomoni, wala kidole, wala maji, wala kidonge cha feno. Usimkandamize. Na usikimbie povu: kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa ushuzi, wala kwa kumgusa. Nalisema hili kwa sababu bado naona watu wakisimama mbali huku mtu anaungua.

Ukipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, ameumia, ni mjamzito, au ni mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali.

Mambo yakienda kombo

*Nimesahau usiku, nimekumbuka asubuhi.* Meza ukikumbuka, ila usiende kazini kwa pikipiki maana usingizi utakuja. Ukikumbuka jioni saa ya kidonge kingine imekaribia, meza hicho kimoja tu. Usimeze viwili kufidia. Feno hukaa mwilini, kukosa usiku mmoja hakumwagi mtungi. Kukosa siku tatu mfululizo ni habari nyingine, njoo.

*Ametapika baada ya kumeza.* Kama ni papo hapo na umekiona kidonge kizima, mpe kingine. Kama imepita saa, au huna uhakika, ngoja dozi ya kesho.

*Anameza kila siku na bado anaanguka.* Kabla ya kulaumu dawa, hesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Mara nyingi vimebaki vingi kuliko inavyotakiwa; kijana alikuwa akiweka chini ya ulimi na kutema nje. Kama hesabu ni sawa, je, ameongezeka uzito, halali vizuri, ana malaria, ameanza dawa nyingine? Kama yote hayapo, dozi iongezwe au dawa ibadilishwe. Kubadilisha nako hufanywa kwa kupishanisha: mpya inapanda, feno inashuka taratibu.

*Kituoni wamesema feno hakuna, wamenipa karbamazepini.* Usikubali kubadilishiwa dirishani bila mhudumu wa kifafa kujua. Uliza: "Ya zamani naiacha vipi?" Kama hakuna mwenye jibu, tafuta feno kituo cha jirani kabla usiku haujaingia.

*Shule haitaki kumpokea.* Omba barua kliniki, kisha nenda mwenyewe ukamweleze mwalimu mambo ya hapo juu kuhusu kuanguka. Barua peke yake huishia droo.

*Mtoto mdogo amemeza vidonge vya kaka yake.* Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta, akisinzia vitaingia kwenye mapafu. Hata kama anacheza vizuri, usingoje uone, maana dawa hii hupanda polepole na usingizi wake huja baadaye. Mbebe amelala ubavu, mtu mwingine akae karibu akisikiliza pumzi njia nzima, mwende hospitali kubwa iliyo karibu. Na kopo msiliache nyumbani, hata kama ni tupu: kilichoandikwa juu yake, na vingapi vilikuwemo jana, ndivyo tutakavyouliza kwanza.